Ikulu za Matete

Mwaka 1519 mafundi walianza kuchimba msingi wa jumba la Chambord, katika bonde la mto Loire, kwa amri ya mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 400 na meko 282. Mfalme mwenyewe, katika miaka 32 ya utawala wake, hakulala humo hata siku mia kwa jumla. Wafalme wa Ufaransa wa wakati ule walitawala kwa kuhama: leo Amboise, kesho Blois, mwezi ujao Fontainebleau, pamoja na maelfu ya watu na farasi. Vitanda, mazulia ya kutundika ukutani na vyombo vya mezani vilipakiwa, vikashushwa kituo cha mbele, vikapakiwa tena. Mfalme akishaondoka, Chambord ilibaki kuta tupu. Siku hizi watalii hulipa kiingilio wakaangalie kuta hizo, na sioni ubaya, maana ni kuta nzuri.

Burundi nayo ilikuwa na wafalme wenye kuhama, na mabonde yenye makao yao. Kilichokosekana ni mawe. Kwa sababu hiyo mgeni anayeshuka Bujumbura na kuuliza ikulu za kale ziko wapi huonyeshwa ziwa, huonyeshwa kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore kule Vugizo, kisha mazungumzo yanageukia samaki. Jibu la swali lake lipo, ila linataka kupanda mlima.

Moyo wa ufalme haukuwa Bujumbura. Ulikuwa juu, mashariki ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, kwenye vijito vinavyoteremka kuingia Mubarazi na hatimaye Ruvubu. Huko ndiko Muramvya, Bukeye, Mbuye na Kiganda, majina ambayo leo ni ya maeneo na masoko lakini karne ya 19 yalikuwa makao ya Mwami, yaani mfalme. Ntare Rugamba ndiye aliyeipanua nchi mwanzoni mwa karne hiyo. Mwanawe Mwezi Gisabo alirithi ngoma, yaani ufalme, akiwa bado mdogo, chini ya uangalizi wa kaka yake Ndivyariye, ambaye baadaye alikuja kupigana naye. Mwezi aliishi hadi Agosti 1908, na sehemu kubwa ya maisha hayo marefu aliitumia akihama kutoka ua mmoja hadi mwingine.

Sababu za kuhama zilikuwa za kawaida kabisa. Watu wa nyumba ya Mwami walikuwa wengi, na kilima kimoja hakikuweza kuwalisha mwaka mzima. Ng'ombe walitaka malisho. Kubwa zaidi ni waganwa, yaani wana na wajukuu wa wafalme waliopewa maeneo ya kutawala. Mwana wa mfalme asiyeonekana na asiyetembelewa huanza kujiona mfalme, na Mwezi alilijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa ndugu zake wa damu walimpiga vita miaka mingi. Kuwa na makao mahali pengi kulimwezesha kufika kabla ya uvumi.

Makao yenyewe yalikuwa hivi. Kwanza ua mkubwa wa mviringo, uliosukwa kwa matete na vijiti, nguzo zake zikiwa za miti hai. Ukiingia unakuta uwanja mpana ambapo watu walisubiri kusikilizwa na ng'ombe walirudi jioni. Ndani yake nyua nyingine, kila moja na kazi yake: nyumba ya maziwa, nyumba ya pombe ya mtama, nyumba za wake, mahali pa ngoma. Nyumba kubwa ilikuwa na paa la nyasi lililoteremka karibu kugusa ardhi, na mlango wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo kila aliyeingia aliinama, awe mtoto wa mfalme au mbeba kuni. Ndani mikeka iliyosukwa kwa ufundi iligawanya vyumba, moto ukiwaka katikati na moshi ukitafuta njia yake kwenye nyasi. Moshi huo ulikuwa na faida, kwani uliua wadudu na kuikausha nyasi, nyumba ikadumu miaka kadhaa badala ya miwili.

Kisha nyumba ilioza, kama ilivyokusudiwa. Mwami akifa au akihama moja kwa moja, ua uliachwa. Matete yalianguka, udongo ukayameza, lakini nguzo zilizokatwa kwenye miti inayochipua zilishika mizizi, na baada ya miaka hamsini palikuwa na kichaka cha mivumu mikubwa palipokuwa na ukuta. Warundi hupaita mahali hapo ikigabiro, na hapalimwi ovyo. Katika nchi ambayo kila kipande cha mteremko kina mihogo, migomba au maharagwe, kikundi cha miti ya zamani iliyosimama peke yake juu ya kilima ni jambo la kushangaza. Mzee wa hapo ukimuuliza atakuambia ni Mwami gani aliyekaa.

Mzungu hakuweza kuiona ikulu ya namna hiyo hata akiwa mbele yake. Oscar Baumann, Mwaustria, alivuka Burundi Septemba 1892 akitokea upande wa Ziwa Victoria. Watu walimfuata kwa mamia, wakiimba na kucheza, wakimsalimu kama Mwezi aliyerudi. Baumann alijua kidogo habari za wafalme wenye jina hilo, akatafuta ishara za ufalme asizione, akahitimisha kwamba ukoo wao ulikwisha. Mwezi Gisabo alikuwa hai, na alikuwa na miaka kumi na sita zaidi ya kutawala. Sidhani Baumann alikuwa mpumbavu. Alikuwa mtu aliyelelewa Vienna, na huko ufalme usio na jengo hauonekani.

Pwani ya ziwa mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo Waswahili wanapoingia katika habari hii. Novemba 1871, wiki chache baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa Tanganyika kuchunguza mto Rusizi. Waliona kwa macho yao kwamba mto unaingia ziwani na hautoki, na hapo ndoto ya kwamba Tanganyika ni chanzo cha Nile ikazama. Walilala Mugere, kusini ya Bujumbura ya leo, usiku wa tarehe 25 na wa tarehe 26, wakiwa wageni wa chifu Mukamba. Palipo jiwe kubwa lenye majina yao ndipo watalii hupelekwa, na mara nyingi utasikia kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Si hapo, ni Ujiji. Hata hivyo jiwe lenyewe ni zuri, na ziwa linaloonekana kutoka hapo linatosha kumsamehe anayesimulia vibaya.

Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alitoka Ujiji akajaribu kuingia Burundi kwa bunduki akitafuta watumwa na pembe. Mapadre Weupe nao walifika Rumonge mwaka 1879, na Mei 1881 wamisionari watatu wa Kizungu wakauawa hapo. Rumaliza alishika vijiji vya pwani na maeneo ya Uvira, lakini milimani alishindwa: mikuki na mishale ya Mwezi, pamoja na miteremko inayomchosha mtu kabla hajapigana, ilimrudisha. Mpaka leo hili ni jambo la fahari kwa Warundi. Wajerumani nao waliliweka moyoni walipokuja kujenga kambi ya kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897, mahali tambarare karibu na mdomo wa Rusizi, penye joto na mbu. Pamoja nao walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka Ujiji, Tabora na pwani ya bahari. Kiswahili kilishika mizizi hapo, na wajukuu wa watu hao ndio wengi wa wanaoijaza mitaa ya Buyenzi mpaka leo.

Miaka sita kambi ilikaa ukingoni ikiutazama mlima. Mwezi hakuteremka. Wazee husimulia kwamba ilikuwa mwiko kwa Mwami kuliona ziwa, na hata kama mwiko huo usingekuwepo, sioni sababu ya mfalme kushuka kusalimia kambi ya wageni. Alipeleka wajumbe, alipokea zawadi, akasema maneno mazuri, akaendelea na mambo yake.

Mtu aliyechoka na hali hiyo ni Kapteni Robert von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura. Wasomi wa wanyama wanamjua kwa sababu nyingine: tarehe 17 Oktoba 1902, akipanda mlima Sabinyo katika safu ya Virunga, aliwapiga risasi sokwe wawili wakubwa, na mwaka uliofuata mtaalamu wa Berlin akampa mnyama huyo jina la beringei. Sokwe wa milimani wa Rwanda, Uganda na Kongo, ambao watu hulipa fedha nyingi kuwaona, hubeba jina la afisa wa Usumbura. Mwaka uleule wa 1903 jina lake lilipoingia katika vitabu vya wanyama, Beringe alipanda kumtafuta Mwezi.

Gavana wake, Gustav Adolf von Götzen, hakutaka vita hivyo. Götzen alikuwa amepita Rwanda mwaka 1894 na kukutana na mfalme Rwabugiri, na alielewa kwamba mfalme mwenye nguvu huwarahisishia kazi wageni wachache: mtu mmoja ukikubaliana naye, nchi nzima imekubali. Lakini Dar es Salaam ilikuwa mbali na Usumbura, barua ilienda kwa miguu, na Beringe alikuwa na marafiki wapya. Wa kwanza ni Kilima, aliyekulia ng'ambo ya Rusizi na kujitangaza kuwa wa damu ya Ntare Rugamba, akishikilia sehemu za kaskazini magharibi. Wa pili ni Maconco, mkwe wa Mwezi aliyegeuka adui. Husimuliwa kwamba Wajerumani walimhitaji Maconco kuliko bunduki, kwa kuwa ndiye aliyemjua Mwami kwa sura. Jambo hilo lina maana zaidi ya kisa. Jeshi lililokwenda kuteka mji lingetafuta lango na mnara. Hili lilikuwa likimtafuta mtu mmoja kati ya maelfu, mtu anayevaa kama wengine na kulala kila usiku mahali pengine.

Walichoma nyua. Waliingia katika makao baada ya makao wakakuta majivu ya jana na mbwa. Kuchoma ikulu ya matete kulikuwa rahisi mno hata hakukuwa na maana, kwa sababu mwezi mmoja na mikono mia mbili ilitosha kuijenga upya kilima cha pili. Kilichomchosha Mwezi, nafikiri, kilikuwa kitu kingine: ng'ombe waliochukuliwa, mashamba yaliyokanyagwa, na waganwa waliokuwa wakipima upepo, kila mmoja akijiuliza ahamie upande gani. Alikuwa mzee. Alikuwa amepigana na ndugu zake, akamrudisha Rumaliza, na sasa mkwe wake alikuwa anawaonyesha adui njia.

Tarehe 6 Juni 1903, Kiganda, alikubali. Masharti yalikuwa mazito: aitambue serikali ya Wajerumani, awaache Kilima na Maconco wajitawale, afungue njia kwa misafara na wamisionari, na alipe faini ya ng'ombe 424. Hesabu ya ng'ombe ndiyo inayokumbukwa zaidi Burundi, na ni haki yake. Maneno kama himaya na mamlaka yaliandikwa kwa Kijerumani na kubaki kwenye karatasi, lakini ng'ombe 424 waliondoka malishoni mchana, na watu waliwaona wakipita.

Basi kikaja kipande ambacho vitabu vya shule hukipita haraka. Götzen alikasirika. Beringe aliondolewa, na nafasi yake akapewa Kapteni von Grawert, ambaye alifanya kinyume chake: alimrejeshea Mwezi hadhi yake na kumtambua kuwa mfalme wa nchi nzima. Maconco aliuawa na Wajerumani haohao mwaka 1905. Kilima alikamatwa na kupelekwa uhamishoni mwaka uliofuata. Ndani ya miaka mitatu mkataba wa Kiganda ulikuwa umeliwa na waliouandika. Mwezi alikuwa amepoteza vita na kushinda yaliyofuata, ingawa kwa ruhusa ya mtu mwingine, na hiyo ruhusa ndiyo iliyokuja kuwagharimu watoto wake.

Wajerumani walipoamua kuwa karibu na Mwami, walijenga kwa namna waliyoijua. Mwaka 1912 makao ya utawala yalihamishwa kutoka Usumbura kwenda Gitega, katikati ya nchi, penye hewa ya baridi na karibu na makao ya wafalme. Boma la Gitega lilijengwa kwa kuta nene, la kudumu. Lingali limesimama. Wao hawakudumu: Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Usumbura, kisha Gitega, na wenye boma wakaondoka kuelekea Tabora. Miaka minne ni michache kwa jengo la mawe. Nyumba ya nyasi iliyotunzwa vizuri ingeimaliza hiyo ikiwa bado inakalika.

Wabelgiji walirudisha makao makuu Usumbura, na polepole ufalme ukaingizwa ndani ya kuta. Mwambutsa wa Nne alitawazwa Desemba 1915 akiwa mtoto mdogo. Alikua akivaa suti na kuendesha magari, akajengewa nyumba ya matofali Gitega. Sherehe ya umuganuro, ambayo Mwami aliongoza kila mwaka wakati wa kupanda mtama, ilizimwa mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kuwa mapadre waliiona ya kipagani na maafisa waliona haina kazi. Nadhani hapo ndipo ufalme ulipovunjwa kweli, hata kabla ya Kapteni Micombero kuutangazia kifo tarehe 28 Novemba 1966. Mfalme anayehama hukutana na watu wake. Anayekaa kwenye nyumba ya matofali hupelekewa ripoti.

Mwambutsa alikufa Geneva mwaka 1977, akiwa ameacha wosia kwamba asirudishwe Burundi. Mwaka 2012 mwili wake ulifukuliwa ili uletwe nyumbani katika miaka 50 ya uhuru. Ndugu wakagawanyika, kesi ikapanda hadi mahakama kuu ya Uswisi, ikaamuliwa kwamba wosia ufuatwe. Alizikwa tena Meyrin, pembezoni mwa Geneva. Babu zake walilazwa huko Nkiko-Mugamba, chini ya ulinzi wa koo zilizorithishana kazi hiyo, katika misitu midogo ambayo mkata kuni aliiogopa.

Anayetaka kuyaona haya yote atoke Bujumbura asubuhi mapema, kabla malori hayajajaa. Barabara huanza kupanda mara tu unapoacha mji, kutoka mita 770 na ushei hadi zaidi ya 2,000 katika kilomita chache, ikizunguka na kuzunguka. Njiani utaona vijana wa baiskeli wameshika nyuma ya malori wakivutwa mlima mzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye bodi la lori, na wengine wakishuka kwa kasi na mikungu ya ndizi iliyofungwa pande zote mbili. Bugarama kuna baridi na soko la karoti na kabichi. Hapo barabara inagawanyika, ya kaskazini ikienda Kayanza, ya mashariki ikienda Muramvya na Gitega. Kiganda ni mchepuko kutoka hii ya pili. Usitarajie jengo. Kuna kilima na bonde, na ukipata mtu wa kukuelekeza utajua unachokitazama.

Gitega ina boma la Wajerumani, na ina Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, chumba chenye vibuyu, vikapu na mapambo ya nyumba ya Mwami. Tangu mwaka 2019 mji huo ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi, kama walivyotaka Wajerumani mwaka 1912, ingawa sababu zinazotolewa ni nyingine. Kilomita kama saba kaskazini yake iko Gishora. Husimuliwa kwamba Mwezi Gisabo alimshinda hapo chifu mwasi Ntibirangwa, akapafanya mahali pa ngoma. Ua umejengwa upya kwa matete na nyasi, nyumba kubwa ina mlango uleule wa kuinamia, na ndani, baada ya jua la nje, inakuchukua muda kabla hujaona nguzo. Ngoma mbili za kale, Ruciteme na Murimirwa, zimehifadhiwa huko na hazipigwi. Zinazopigwa ni nyingine, zilizochongwa kila moja kwenye gogo la mti mmoja na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vinavyopigiliwa pande zote. Unesco iliitambua ngoma ya kifalme mwaka 2014. Gishora yenyewe, pamoja na misitu ya makaburi ya Muramvya, Mpotsa na Nkiko-Mugamba, imo tangu 2007 kwenye orodha ya yanayosubiri kufikiriwa. Inasubiri bado.

Ushauri wangu kwa anayekwenda ni kuanza Kiganda, kisha boma, na kuiacha Gishora mwisho. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na ngoma, na baada ya hapo hakuna anayekuwa na masikio ya kusikiliza habari za ng'ombe 424.